Mpasuo Mrefu

19 Desemba

Kiwanda cha sukari kimefunguliwa. Kigarimoshi cha miwa kimepita nyuma ya hospitali alfajiri kikipiga honi kama kimebeba bibi harusi, na wodi nzima ya wanaume ikaamka kabla sijafika. Kuanzia leo mpaka Machi hakuna atakayekuwa na habari nyingine ila miwa: ya nani imekatwa, ya nani bado imesimama.

Kwetu sisi madaktari wa kifua, miwa iliyosimama ina maana yake. Anayetaka kumvizia mtu hujificha humo. Ikishakatwa yote, unaona kutoka mferejini mpaka mlimani, na watu wanapumua. Kaka yangu Bakhit alipigwa risasi kutoka kwenye miwa mwaka juzi, kwa ugomvi wa zamu ya maji. Hakufika mezani kwangu akiwa hai.

Naandika kwa sababu Daktari Lotfi, mpasuaji mwenzangu, kaniambia niandike. Anasema mwanamke anayeishi peke yake na kuzungumza na birika la chai anahitaji mtu wa kumsikiliza. Nimemwambia birika lina adabu kuliko yeye.

27 Desemba

Wawili wa kisu, mmoja wa risasi ya harusi iliyokuwa inashuka kutoka mbinguni. Aliyeifyatua ni bwana harusi mwenyewe. Wote hai.

31 Desemba

Leo nimemsafisha mtu kifua kwa kamera, matundu matatu yanayopitisha kidole tu, nikamshona kabla ya adhana ya adhuhuri. Lotfi alikuja kutazama akiwa na glasi yake ya chai, ingawa chai hairuhusiwi mle ndani.

"Mimi nafungua mlango naingia," akasema. "Wewe unachungulia kwenye tundu la ufunguo kama jirani mwenye wivu."

"Wagonjwa wako wanalala kitandani mpaka wanasahau njia ya shambani. Wangu wanarudi kazini."

"Wangu wananikumbuka, bibie. Kila wakijigeuza usiku wanataja jina langu."

Demiana, muuguzi wangu, alicheka mpaka akalazimika kubadilisha glavu. Nilikwenda nyumbani nimefurahi. Nakiri kwamba napenda kusifiwa kwa jambo hili. Hakuna jingine ninalosifiwa.

3 Januari

Dardiri amechomwa kisu.

Dardiri ni mtoto wa Bakhit, mwanawe wa pekee. Alikuwa mahali pa kupakia miwa kwenye mabehewa. Kijana mmoja wa ukoo wa Shahin akamtajia baba yake, akasema vipi marehemu, bado anangoja kulipiziwa? Dardiri akampiga ngumi, mwenzake wa kijana yule akamchoma, ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Aliletwa kwa bajaji, amejishika, kanzu imelowa mpaka magotini, midomo ya kijivu. Lotfi alikuwa ndani na mgonjwa mwingine. Nikamwekea mrija wa kifua mwenyewe, na damu ikatoka kwa kishindo. Mkono haukutetemeka.

Alipopata pumzi akageuza macho akatazama chupa iliyoko sakafuni, mrija umezama majini na hewa inatoka kwa mabubujiko.

"Shangazi," akasema, "mmenifanya shisha."

"Nyamaza."

"Basi tieni tumbaku ya tufaha."

Nilimwambia akitamka neno jingine nitampiga. Nikatoka nje nikalia chooni, bomba la maji wazi.

4 Januari

Mama amekuja. Hajjat Nafisa, ambaye hakukanyaga hospitali hii hata nilipovunjika mguu, amekuja na kikapu chake cha mkate uliochachia juani na asali nyeusi ya miwa, akakaa kando ya kitanda kama mkaguzi. Wifi yangu Ratiba, mama wa Dardiri, alikuwa amesimama miguuni kwa mwanawe anamkanda nyayo. Mama hakumtazama.

"Atapona lini?" akaniuliza.

"Mama, jana tu tulikuwa hatujui kama ataishi."

"Sawa. Lakini lini?"

Nilimbusu kichwani. Nilijiambia, uzee umemlainisha.

6 Januari

Hajj Qinawi, msuluhishi, alikuja ofisini kwangu akakataa kiti mara mbili kabla ya kukaa. Wana wa Shahin wameona haya kwa kisu kile. Maamun Shahin, aliyemuua kaka yangu, yuko tayari kubeba sanda. Atatembea miguu mitupu kutoka kwao mpaka mlangoni kwetu, sanda yake mwenyewe mikononi, ajiweke chini ya Mama mbele ya watu wote. Mama akiipokea, damu imelala. Itakuwa miwa ikiisha, katikati ya Machi, wanaume wakishapumzika na mashamba yakiwa wazi.

"Mama yangu kasemaje?"

"Kasema, tutaona kijana akipona."

Nilimshukuru Mungu. Tangu Bakhit azikwe, nyumba yetu haijapokea rambirambi. Huku, ukipokea mkono wa pole na kumimina kahawa ya msiba, umesema yamekwisha. Mama alifunga mlango siku ile ile ya maziko, akawarudisha watu njiani. Damu ya Bakhit ikabaki juu ya Dardiri ailipize, na mtoto huyu hajawahi kupiga hata njiwa. "Tutaona" kutoka kwa Mama ni neno kubwa. Nimelala vizuri.

7 Januari

"Atapona lini?" Nimemwambia, Mama, si mkate huu, siwezi kukwambia utatoka saa ngapi tanurini.

8 Januari

Picha ya kifua cha Dardiri si nzuri. Damu iliyobaki imeganda, mrija hauivuti tena, na pafu limebanwa chini yake. Ikiachwa itaoza au itakuwa gamba. Lazima aingie chumba cha upasuaji.

Lotfi anataka mpasuo mrefu, kutoka chini ya chuchu kuzunguka mpaka mgongoni, mbavu zipanuliwe kwa chuma. "Utaona kila kitu," alisema, mbele ya mgonjwa, kwa kuwa hajui kunong'ona. "Atalala mpaka miwa iishe, lakini utaona kila kitu." Nimemwambia kwa kamera nitaona vizuri zaidi yake, na baada ya wiki kijana atakuwa kwao.

Lotfi alipotoka, Dardiri alinishika mkono.

"Shangazi, nifanyie ule wa Daktari Lotfi."

"Upi?"

"Ule mrefu."

Nilicheka. "Watu wananiomba niwakate kidogo, wewe unataka kukatwa zaidi? Unajua maumivu yake? Utashindwa hata kupiga chafya."

"Sijali. Nitakosa kupiga chafya."

"Unaogopa mashine?"

Akatazama dari. Kisha akasema, "Ndiyo, naogopa mashine," kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto. Nikamweleza habari za kamera kwa kirefu, nikamchorea na picha. Alinisikiliza kwa adabu. Kwenye ukumbi nilimkuta Mama, nikamwambia matundu matatu, wiki moja. Mama yangu akachukua mkono wangu akaubusu. Mama, mimi! Niliuvuta kwa haya, lakini nilitembea siku nzima nikiuhisi.

9 Januari

Lotfi alinipisha ingawa mimi ni damu moja na mgonjwa, kwa sharti kwamba asimame kando na akiniona nayumba anichukue kisu. Sikuyumba.

Dardiri alilazwa kwa ubavu wa kulia. Daktari wa usingizi akazima pafu la kushoto, nikatoboa, nikaingiza kamera. Kwenye kioo ikatokea damu iliyoganda, nyeusi na nzito kama asali yetu ya miwa ikisahauliwa kwenye mtungi. Nikaivuta kipande kwa kipande. Chini yake nikakuta kisu kilishuka mpaka kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo na kukichana, mchaniko mdogo ambao hakuna picha iliyouonyesha. Nikaushona kwa sindano inayoendeshwa kwa vijiti, kazi inayofanana na kutunga shanga ukiwa umevaa glavu za shambani. Tukaosha. Nikasema, washa.

Pafu likafunguka. Lilianza pembeni, likaja polepole, waridi, na vidoadoa vyeusi vya moshi wa miwa ambavyo sisi sote wa hapa tunavyo, likajaza nafasi yote mpaka likagusa kioo cha kamera. Demiana alijifanyia ishara ya msalaba, mimi nikasema alhamdulillahi, na Lotfi akasema, "Haya, jirani, umeona vizuri." Kutoka kwake hilo ni shairi.

Sijawahi kufanya kazi safi kama hii maishani mwangu.

12 Januari

Mrija umetoka. Anakohoa vizuri.

14 Januari

Amekwenda nyumbani. Ratiba alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Dardiri alitembea mwenyewe mpaka getini, taratibu mno, akisimama kila hatua chache kutazama ukuta, mti, paka. Nikampigia kelele, "Tembea, mvivu! Pafu halina kosa!"

25 Januari

Wanachoma majani ya miwa. Masizi yameanguka kwenye shuka zangu nilizoanika. Upande wa magharibi wa mfereji tayari uko wazi.

8 Februari

Ijumaa, nilikwenda kijijini kula chakula cha mchana. Bata, wali, mchuzi wa mulukhiya. Baba zangu wadogo wote walikuwepo, na binamu, na majirani wa karibu, sebule imejaa. Niliona ajabu Mama kualika watu wengi hivyo, nikadhani ni karamu ya kupona.

Baada ya kula Mama akamwita Dardiri katikati akamwinulia kanzu mwenyewe, kama anayeuza ng'ombe. Makovu matatu, mekundu bado, madogo.

"Haya tu?" akasema baba mdogo Abdurradhi. "Mimi nimekwaruzwa na paka zaidi ya hapo."

"Sema paka wa kina Shahin," akasema mwingine, na wakacheka.

Dardiri naye alicheka. Masikio yalikuwa mekundu.

Nami nikapandwa na hasira za kazi yangu. Nikawaambia ni washamba, kwamba ndani ya matundu hayo nimefanya mambo ambayo Kairo wanayafanya kwa bei ya mshahara wa mwezi mzima, na kwamba uzuri wake ndio huo, hakuna alama. Mama alingoja nimalize. Kisha akaniuliza kwa sauti ya juu, na hakuniita mwanangu, wala Widad.

"Daktari. Mjukuu wangu ni mzima?"

"Mzima kabisa," nikasema. "Mpeni gunia abebe, mtaona."

Baba mdogo Abdurradhi akasema, "Wote tumesikia." Ikaletwa chai. Nilidhani nimeshinda mabishano.

11 Februari

Ratiba amekuja kliniki, amekaa kwenye foleni na wagonjwa saa nzima badala ya kugonga mlango. Alipoingia hakuketi.

"Umesema nini pale, wifi?"

"Nimesema nini?"

"Umesema mzima. Mbele ya wanaume." Alikuwa anaongea kwa upole, kama anayenifundisha herufi. "Mtu akiwa kitandani hakuna anayemwambia kitu. Hakuna. Anaweza kulala mwaka na heshima yake iko pale pale. Mama alikuwa anangoja neno lako tu. Ijumaa hiyo hiyo jioni amemtolea bunduki ya Bakhit kutoka kwenye sanduku."

"Lakini sanda? Hajj Qinawi? Mama kasema tutaona kijana akipona!"

"Ndiyo," akasema Ratiba. "Na amepona."

Alipotoka nilibaki na mgonjwa mwingine mbele yangu, anavua shati, na sikuweza kukumbuka nilitaka kumsikiliza wapi. Nifanyie ule mrefu. Sijali. Nitakosa kupiga chafya. Mtoto alikuwa anaomba siku za kulala mpaka miwa iishe, akaniomba mimi, na mimi nikamchorea picha ya kamera.

13 Februari

Nimekwenda kwa Mama. Nilimkuta anachambua dengu.

Nimemwambia nimekosea, kifua hakijapona ndani, anahitaji miezi. Hakuinua macho.

"Umeshasema."

"Nasema upya. Mimi ndiye daktari."

"Wewe ni daktari. Huwezi kuwa daktari Ijumaa na shangazi Jumatano."

"Wako tayari kubeba sanda, Mama! Mtu atajidhalilisha mlangoni kwako!"

"Atembee miguu mitupu nusu saa," akasema, "na mwanangu yuko chini miaka miwili. Kila nikipita sokoni wake zao wananipisha njia. Wananihurumia, Widad. Unajua kuhurumiwa na watu hao kukoje?"

Wiki zote hizi nilisikia bibi anayemwonea uchungu mjukuu. Kumbe nilikuwa nasikia mtu anayeuliza zana yake itatoka lini kwa fundi. Nilitamka neno hilo, zana, usoni kwake. Alirudi kwenye dengu zake.

16 Februari

Dardiri amenikuta kwenye reli nyuma ya hospitali. Anapenda kigarimoshi kile. Dereva humwachia aendeshe kidogo, na ndoto yake yote hapa duniani ni kuajiriwa kukiendesha. Nimemwambia ahamie kwangu, au Kairo, au Hurghada akafanye kazi hotelini kama nusu ya vijana wa hapa.

"Nikiondoka damu itakwenda kwa Hifni," akasema. Hifni ni binamu yake. "Hifni hajaota hata ndevu, shangazi. Yeye ataua kweli."

"Na wewe?"

"Mimi nachelewesha. Nimesema bunduki ina kutu. Nimesema mkono hauinuki. Mpaka siku ya sanda, tarehe kumi na nne Machi, nitapata sababu nyingine."

"Kwa nini hukuniambia siku ile? Kwa maneno?"

Alitabasamu, mcheshi, baba yake mtupu. "Ulikuwa umefurahi sana na mashine yako."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana siwezi kulimeza.

20 Februari

Hajj Qinawi hawezi kuiwahisha siku ya sanda. Watu wa serikali wamealikwa, mahema yamekodiwa. Anasema imebaki miwa kidogo. Kila mtu anasema hivyo.

27 Februari

Nimehesabu mashamba yaliyosimama nikiwa juu ya paa. Lotfi akanikuta huko. Hakutania.

4 Machi

Nimemlaza Dardiri. Nimeandika maji kwenye kifua, uongo mtupu, na Lotfi ametia sahihi bila kusoma, au amesoma. Nikampa kitanda cha dirishani. Demiana amemwekea dripu ya maji ya chumvi na kumwambia aonekane mgonjwa, akajibu kwamba kwa chakula cha humu hakuna haja ya kuigiza.

6 Machi

Siku mbili njema. Anacheza dama na mzee wa kitanda cha pili. Anashindwa makusudi.

7 Machi

Mama alikuja saa ya kutembelea wagonjwa, wodi imejaa jamaa za watu. Alinikuta nimesimama pale. Akanipita. Akaenda kitandani kwa Dardiri, akamfunua shati, akawageukia wanaume wote wa wodi ile, wenye mishono mirefu na mirija na mbavu zilizovunjika.

"Enyi wanaume," akasema, "nionyesheni kidonda. Macho yangu ya kizee hayaoni. Kiko wapi?"

Mtu mmoja akacheka. Alikuwa mgonjwa wa Lotfi, amekatwa kutoka kifuani mpaka mgongoni. "Hajjat, hicho kimepotea njia," akasema, na wengine wakafuata, kicheko cha wodi, cha watu wenye maumivu wanaotafuta pa kuyaweka. Nilipiga kelele wanyamaze. Kelele zangu zikakizidisha.

Dardiri alichomoa dripu mwenyewe, vizuri, akabana pamba kama alivyomwona Demiana. Akavaa. Alipopita mbele yangu akasema, "Usijali, shangazi," na Mama akamfuata nyuma.

Kama ningemkata ule mpasuo, wasingecheka. Kovu lingejibu badala yake.

10 Machi

Upepo wa vumbi umeanza. Imebaki kanda moja tu, kando ya mfereji, yetu na ya kina Shahin zikipakana. Wakataji wanasema Jumatano jioni itakuwa imekwisha.

12 Machi

Ratiba amenipigia simu. Analala mbele ya mlango wa chumba cha mwanawe, juu ya mkeka. Nimemwambia siku mbili tu, wifi.

13 Machi

Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa.

Alfajiri alitoka dirishani. Wakataji walikuwa wamefika kwenye ukingo wa kanda ile na wamemwona. Wote wanasema jambo moja, na sina sababu ya kutowaamini. Maamun Shahin alipita njia ya mfereji kwa pikipiki, binamu yake nyuma na bunduki. Dardiri akatoka kwenye miwa. Akatoka nje kabisa, njiani, akasimama waziwazi, akaelekeza bunduki ya baba yake juu na kufyatua. Juu, wamesema, kama harusini. Alitaka kuweza kusema nimefyatua, nimekosa, yamekwisha, na kesho sanda ije. Binamu hakungoja kujua.

Aliletwa kwenye trela ya trekta la miwa.

Risasi iliingia kulia na kupita karibu na shingo ya pafu, kule mishipa mikubwa inakoingia. Hapakuwa na nafasi ya kamera. Lotfi alisema, "Toka, Widad," nikasema la, akaniangalia, akanipisha upande mmoja wa meza na kuchukua wa pili. Nikashika kisu nikamfungua. Kutoka katikati ya kifua mpaka mgongoni, kwa mkono mmoja, bila kusita. Ndiyo, ule. Nilimpa nilipokuwa sina tena cha kumwokolea. Nikatia mkono wote ndani nikabana, na Lotfi akabana, na damu ikawa inatoka mahali tusipopafikia. Moyo niliushika kiganjani nikaukamua mwenyewe. Ulikuwa mtupu. Niliendelea. Demiana ndiye aliyeniambia, "Daktari, inatosha," mara ya pili akasema, "Widad."

Niliomba nishone mwenyewe. Lotfi alikaa nami, akanikatia nyuzi. Hakuna mtu anayeshona maiti kwa uangalifu namna ile. Mwishoni akasema, "Bibie, mwezi wa kwanza ulifanya upasuaji sahihi. Ningeulizwa na Mungu ningesema hivyo."

Najua ulikuwa sahihi. Ndilo linaloniua.

Tumemzika kabla ya jua kuzama. Mama alifunga mlango mbele ya waliotusindikiza. "Hatupokei," akasema, na baba mdogo Abdurradhi akawarudisha watu njiani kama mwaka ule. Upande wa mfereji wakataji walikuwa wamerudi kazini, na ilipofika magharibi hapakuwa na muwa hata mmoja uliosimama.

14 Machi

Asubuhi Ratiba alifungua mlango.

Alivuta komeo zote mbili, akatoa mikeka, akatoa makochi ya mbao, akavipanga barabarani mbele ya nyumba. Kisha akawasha jiko la kahawa nje, mbele ya macho ya watu. Baba mdogo Abdurradhi akaja mbio, anafunga kilemba njiani.

"Ewe mwanamke, unafanya nini?"

"Napokea rambirambi za mwanangu."

"Si zako kupokea! Damu haina..."

"Damu ni ya nani?" akamuuliza. "Mume wangu hana mtoto mwingine. Mwanangu hana mtoto. Niambie ni ya nani, nimwite." Abdurradhi alimtazama Hifni, aliyekuwa amesimama mlangoni na viatu vya shule. Ratiba akamwona akimtazama. Akamwendea Hifni, akampa birika. "Mimina," akamwambia. "Kila atakayekaa hapa utammiminia wewe."

Nikakaa mkekani kando yake. Muda mrefu hakuna aliyekuja. Watu walisimama kwenye pembe za barabara, wanaogopa kukaa na wanaogopa kuondoka. Wa kwanza alikuwa Demiana, ametoka mjini kwa basi na nguo nyeusi za kanisani. Akatupa mkono wa pole, akakaa, akanywa. Kisha Lotfi. Kisha dereva wa kigarimoshi, na masizi yake. Kisha wakaja kwa wingi, na Hifni akawa anamimina, kahawa inamwagika kwenye visahani.

Hajj Qinawi alikuja adhuhuri. Akainama akaongea na Ratiba chinichini: Maamun yuko mwisho wa barabara, miguu mitupu, anauliza kama aje.

"Mwambie arudi na sanda yake kwao," akasema Ratiba. "Mimi sidai. Lakini nimeona sanda za kutosha."

Jua lilipoanza kushuka Mama aliteremka. Niliinuka, na sijui nilitaka kumzuia au kumpiga. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu jana mezani. Alisimama juu ya mkeka anatutazama, mzee mfupi ambaye hajapewa mkono na mtu kwa miaka miwili. Hifni akamnyooshea kikombe kwa kuwa alikuwa ameambiwa kila mtu.

Akakipokea. Akanywa. Akakaa chini, na ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mama yangu, nikadhani ni mnyama. Wanawake wakamzunguka. Alijipiga kifuani na kuita jina, mara kwa mara, na Ratiba aliyekuwa kando yake akafumba macho aliposikia ni jina gani.

"Bakhit," alikuwa anasema. "Bakhit, mwanangu. Bakhit."

Alimlia yeye mpaka usiku. Dardiri zamu yake bado haijafika.